Mama Atashuka Peke Yake

Ghorofa ya Tatu,
Juu ya Duka la Rangi,
S.L.P. ileile ya siku zote.
Jumapili, mwezi wa tano, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa mdogo wangu Kigoda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama, ambaye amejilaza chumba cha pili na mlango kauacha wazi. Hujambo wewe? Goti vipi? Wifi aliniambia limeanza tena kukusumbua kwa kusimama mbele ya tanuri zamu nzima. Usilidharau. Paka dawa, na ukikaa liinue juu ya kitu. Na wifi mwenyewe mzima? Na huyo binti yenu, somo wa Mama, meno ya mbele yameota au bado anacheka na pengo? Kwenye picha mliyotuma alikuwa amefumba mdomo kama aliyemeza ufunguo wa kabati. Mama ameishika ile picha mpaka pembe zimelegea. Kila mgeni akiingia lazima aonyeshwe pua, eti ni pua yake, imerudi.

Sisi huku hatujambo. Mimi niko duka la miwani vilevile, nasaga lenzi na kukaza skrubu ambazo zikidondoka inabidi nizitafute kwa sumaku. Bosi kaleta mashine mpya ya kukatia vioo, inapiga mluzi kutwa, na nikifika nyumbani bado naisikia.

Mama afya si haba. Nyonga inamkaba asubuhi, ikishapata moto inaachia. Sikio la kushoto ndilo limeaga kabisa. La kulia linafanya kazi ya yote mawili, hasa simu ikilia. Unamjua, uopereta wa simu haujamtoka. Juzi kapokea simu ya mtu aliyekosea namba akamwambia, “Subiri nikuunganishe,” halafu akakumbuka yuko nyumbani, akacheka mpaka akatafuta pa kushika.

Barua hii naandika badala ya kukupigia kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitayakatisha njiani, najijua. Nitampa mteja wetu mmoja, mhudumu wa ndege, ambaye nimemnyooshea fremu aliyoikalia. Anapita mjini kwenu wiki hii na kiwanda chenu cha mikate anakifahamu kwa harufu. Kwa hiyo utaisoma kabla hatujafika.

Mdogo wangu, ni kuhusu hiyo safari. Kuna jambo nililifanya ambalo halinipi usingizi, na bora ulisikie kwangu.

Unajua tulivyokubaliana Mama aende akakae kwa Dada Mkubwa. Nasema tulikubaliana, lakini wewe hukukubali. Alipoanguka bafuni mimi niko kazini, akakaa pale sakafuni hadi Mama Mapacha wa mlango wa jirani aliposikia anagonga ndoo, nilijua siwezi tena. Dada Mkubwa akasema nyumba yake haina ngazi hata moja, yeye ni muuguzi, na hospitali anakofanya kazi wataitazama nyonga. Wewe ukasema Mama aletwe kwako. Tukawa wawili kwa mmoja, na huyo mmoja yuko mbali, karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, hawezi kuja kutetea neno lake. Ilikuwa rahisi mno kukushinda. Ukaacha kubisha, ukasema angalau ndege za kwenda kwa Dada zote zinatua kwenu, utamwona akipita.

Nilipokwenda kwa wakala wa tiketi, yule kijana mwenye feni inayopiga kelele kuliko wateja wake, aliniwekea safari mbili mezani. Ya kwanza, tunatua kwenu Alhamisi asubuhi na kuondoka Ijumaa jioni. Ya pili, tunasubiri saa nne tu, tunapanda ndege nyingine. Nikamwuliza kama kwa hizo saa nne mtu anaweza kutoka nje akaonana na ndugu yake.

“Hapana, dada,” akasema. “Mtahamishwa ndani kwa ndani. Nyinyi hamtoki na wa nje haingii.”

Alisema wazi kabisa, wala hakumung'unya maneno. Nami nikamwambia, “Tuandikie hiyo ya pili.”

Ulipopiga simu ukaniuliza utusubiri mlango gani, nikakujibu nitauliza. Sikuuliza. Nilikuwa najua hakuna mlango. Ukaniambia umeshaomba ruhusa kazini, na wifi anamshonea mtoto gauni la kumpokelea bibi yake. Nikasema vizuri. Nilisema vizuri, Kigoda, kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikaweka simu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Nikueleze kilichonipeleka huko, si kwa kujitetea. Siku chache kabla ya kwenda kwa wakala nilirudi nyumbani mchana kuchukua mwavuli. Mama na Mama Mapacha walikuwa wanachambua mboga, migongo imenielekea. Nikamsikia Mama anasema, “Nikishamtia Kigoda machoni, mimi ndege sipandi tena. Labda wanifunge kamba.” Wakacheka wote wawili. Mimi nikachukua mwavuli nikashuka taratibu.

Tangu hapo nikawa naona kitu kimoja tu kichwani. Namwona Mama amekaa kwenye kitanda cha somo wake, katika hicho chumba chenu kimoja mlichokigawa kwa pazia. Namwona hanyanyuki. Mimi nimesimama mlangoni na mizigo, wewe na wifi mnaangalia chini, na ndege inaondoka. Nikawaza mkiwa kazini nani atamshika mkono. Nikawaza lifti yenu ambayo kila ukipiga simu imeharibika.

Na kuna kingine ambacho ni kibaya zaidi, nitakisema. Nilikuwa nimechoka. Miezi ya kumwogesha, kumpandisha, kumshusha, kukimbia nyumbani wakati wa chakula kuangalia kama yuko wima. Nilitaka nimfikishe, nimkabidhi, nirudi nilale kutwa nzima bila kusikiliza ukutani kama ameanguka. Nilitaka safari isiyo na kona. Wewe ulikuwa kona.

Sasa sikia lililotokea.

Wiki iliyopita umeme ulikatika dukani, bosi akaturuhusu mapema. Napanda ngazi, nafika ghorofa ya pili, namkuta Mama ameshikilia reli, jasho linamtoka, na Mama Mapacha yuko ngazi mbili chini yake kanyoosha mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea. Mama kavaa viatu vyake vya safari, vile vyeusi vya kamba, amevifunga kabisa.

“Mnafanya nini?” nikauliza.

“Nanyoosha miguu,” akasema Mama.

“Kwenye ngazi, Mama? Kule kuanguka hakukutosha?”

“Nilianguka bafuni. Ngazi hazijanikosea kitu.”

Mama Mapacha ndiye aliyenifungulia mambo. Kumbe siku nyingi wanafanya hivyo nikishatoka. Wanashuka hadi chini, wanapumzika kwenye makopo ya rangi ya yule mwenye duka, wanapanda. Mama amekataa katakata kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu siku ya kukutana na wewe. Amesema mara ya mwisho ulipomwona alikuwa anatembea, tena anakutangulia, amekubebea begi. Hataki mwanawe amwone analetwa kama mzigo uliochelewa.

Mama akanigeukia. Hakuwa amekasirika hata kidogo, alikuwa anafurahia kazi yake. “Wewe ndiye uliyeulizia,” akasema. “Kutoka kwenye ndege hadi huo mlango anaposubiri Kigoda, ni mbali? Kama hapa na sokoni?”

Kigoda, nilikaa pale pale kwenye ngazi na sare yangu ya kazi. Nikasema, “Mama, hakuna mlango.”

Nikamweleza yote. Safari mbili mezani, jibu la wakala, na nililomwambia wakala. Mama Mapacha akasema anasikia watoto wake wanamwita, akaondoka, ingawa mapacha walikuwa shule.

Mama aligeuka akaanza kupanda, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine. Nilitaka kumshika kiwiko akakivuta. Nikamfuata nyuma mikono nimeitanguliza, na nadhani sijawahi kupanda ngazi ndefu kama zile, nami nimezipanda tangu tuhamie hapa.

Wakati wa chakula alikaa amenigeuzia sikio la kushoto. Alichagua kiti makusudi. Niliongea nikaacha. Aliposhiba akasogeza sahani, akajigeuza polepole hadi sikio la kulia likawa upande wangu.

“Uliogopa nitabaki,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Na kweli ningesema nabaki. Ningelia, ningeshika mguu wa kitanda, ningewatia aibu wote. Halafu kesho yake ningeamka, ningevaa viatu, ningekwenda kwa dada yako. Chumba cha Kigoda hakinitoshi, najua. Au mnadhani nyonga ikiumia na akili nayo inaumia?”

Nikaanza kukusanya sahani.

“Mmenichagulia nyumba nikakubali,” akasema. “Mmenichagulia daktari nikakubali. Hata kukataa siku moja hamkuniachia?”

Akainuka, akaenda kulala. Mdogo wangu, Mama angenitukana ningepona. Angeniambia nimekuwa na roho mbaya ningelia, yangeisha. Aliongea kwa ile sauti yake ya kazini, sauti ya kumwambia mtu kwamba namba anayoitafuta haipatikani, na mpaka leo bado naisikia.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikuwa mlangoni kwa wakala kabla hajafungua. Nikamwambia arudishe ile safari ya kwanza. Akaniangalia, akaifungua kompyuta yake bila swali, na nikamshukuru kwa hilo. Nafasi zilikuwepo. Ila akanionya tiketi za namna hii hubadilishwa mara moja tu, na kwamba ili kutoka nje ya uwanja tunahitaji viza ya kupita.

Nikakimbilia ofisi yao ya viza. Wana dirisha la kioo lenye tundu lililowekwa chini sana, kila mtu anaongea ameinama kama aliyeangusha kitu. Yule mama wa dirishani alizikagua pasi zetu zote mbili. Mama hana tatizo, akasema, wazee wa umri wake wanagongewa muhuri hapohapo wakitua. Mimi lazima nitume maombi, na maombi yanachukua muda kuliko siku zilizobaki. Nikamwambia mimi ndiye ninayemsindikiza. Akanirudishia pasi zetu, akasema bila ubaya wowote, “Basi msindikize hadi mlangoni.”

Nilifikiria kusogeza safari mbele. Haiwezekani. Dada Mkubwa keshapangiwa likizo yake, daktari wa nyonga keshapanga siku, na siku ile tumeingoja miezi. Bosi naye kaniachia wiki hiyo tu.

Kwa hiyo iko hivi. Mama atashuka peke yake. Mimi nitakaa ndani ya uwanja, kwenye ukumbi wa wanaosubiri, kuanzia Alhamisi asubuhi hadi Ijumaa jioni. Nilipomweleza Mama hivyo alinikazia macho kidogo, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya ngazi. “Kumbe wa kubaki ni wewe,” akasema.

Nami nilicheka. Lakini nilipokuwa nakunja nguo zake nikafikiria kwamba na mimi sijakuona miaka yote hii. Ulipoondoka ulikuwa huna hata ndevu za kunyoa vizuri. Nitakuwa umbali wa ukuta mmoja na wewe na sitakuona. Nikajiambia nisilalamike, maana mimi ndiye niliyepoteza zile wiki ambazo maombi yangepita. Ningekuwa nimesema ukweli tangu siku ya kwanza, tungeshuka wawili.

Sasa nisikilize, maana mwenye zamu ni wewe.

Mhudumu wa uwanja atamleta na kiti cha magurudumu hadi karibu na mlango wa kutokea. Hapo Mama atasimama, keshaniambia. Atatembea mwenyewe. Ni mwendo mfupi lakini utauona mrefu. Usikimbie kumpokea. Wifi naye mshike, na mtoto mshikeni wote wawili. Mwacheni afike.

Ongea naye upande wa kulia. Bafuni weka kiti, na komeo la mlango lifungue kabisa ulitoe, maana ana tabia ya kujifungia. Dawa ziko mfuko wa pembeni wa mkoba, anakula kwanza ndipo anameza. Atasema keshameza. Hesabu. Usiku alale upande wa ukutani. Asubuhi usimharakishe, nyonga ikishapata moto atakuwa anawatuma nyote. Akitaka kwenda kiwandani kuona tanuri lako, mpeleke. Amewaambia watu wa mtaa mzima hapa kwamba mwanawe analisha mji, na sasa anataka kuhakikisha hakusema uongo.

Na wifi asijiumize kusafisha nyumba. Mama hataiangalia nyumba.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tiketi yake ya kuendelea nilikuwa nimeiweka kwangu pamoja na yangu, ndani ya bahasha moja. Nimeitoa. Nimeiweka kwenye mkoba wake mwenyewe, na pasi yake, mahali anapoweza kuifikia bila kuomba mtu. Dada Mkubwa hajui. Akijua atapiga simu hadi laini iungue.

Ijumaa mchana ikifika, Mama akisema twende, mlete mapema, msimkimbize. Akisema haendi, usimbishie, wala usinipigie hapohapo. Mpikie chai. Mwache akatae vizuri, ashike mguu wa kitanda akitaka, alie. Kaa naye. Chai ikiisha mwulize tena, mara moja tu, na umwulize kama unayekubali jibu lolote. Akisema anakuja, mlete. Akisema bado anakataa, ndipo unipigie. Sitapiga kelele. Nitapanda peke yangu, na maneno ya kumwambia Dada Mkubwa nitayatafuta hukohuko angani. Ya nani atamshika mkono mkienda kazini tutayazungumza sisi watoto watatu, na safari hii wewe utaongea wa kwanza.

Naogopa, sitakudanganya. Ninaogopa ya jibu moja na ninaogopa ya jibu la pili. Kila saa nitakayokaa kwenye kile kiti nitakuwa naangalia ule mlango. Lakini siwezi kumfikisha Mama popote tena kwa kumfungia njia. Unisamehe ukiweza, na kama bado huwezi, mpokee tu Mama, hayo mengine yatasubiri.

Msalimie sana wifi, mwambie ile mishono ya gauni nimeiota. Mbusu somo wa Mama kwenye pua, mwambie ametumiwa busu na shangazi aliye nyuma ya ukuta. Mzee wa tanuri aliyekufundisha kazi naye msalimie, ingawa hatufahamiani. Mama Mapacha anakusalimu na anasema ukimwona Mama anatembea, ujue na yeye ana mkono wake pale. Mwenye duka la rangi anakukumbuka, anauliza kama siku hizi umeota urefu.

Mungu akulindie mikono yako na moto, alitulize goti lako, azifungue hizo karatasi zako zinazokuzuia, na siku moja atuketishe sote meza moja bila mtu kuangalia saa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kuliko nilivyoonyesha mwaka huu,
Miwani.

Nyongeza: Mama ameamka akanikuta bado naandika, akauliza ni nini kirefu hivyo. Nilitaka kuficha, nikaona nimeshaficha vya kutosha. Nimekaa upande wake wa kulia nikamsomea yote, tangu salamu. Pale pa kuhesabu dawa aliguna. Pale pa kumpikia chai alisema wewe hujui kupika chai, apike wifi. Pale pa tiketi alinyoosha mkono, akauvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti, akaufungua, akaona imo. Akaufunga, akaupakata, na mpaka sasa nafunga bahasha bado ameupakata.